Nafsi ya Kwanza

Njiro, Jumapili usiku

Mwanangu Aika,

Habari za kufunga mlango vizuri, kula kwa wakati, kuchagua marafiki na kutokosa ibada, shangazi zako walizimaliza jana. Nilikuona ukiitikia kila moja kwa adabu kana kwamba ndiyo kwanza unazisikia. Sitazirudia. Hata joto la Mtwara ulikopangiwa kazi sitaligusa, maana wewe ndiye muuguzi, na mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili ambaye hajawahi kufika huko.

Nakuandikia kwa sababu ya neno moja nililolisema jana baada ya ibada ya kukuaga, wageni walipokwisha kuondoka. Ulikuwa unakusanya vikombe, nami nimekaa. Baba yako mdogo Anaeli alikuwa ametoka kukuambia, mbele ya ukoo mzima, "Nenda Aika, lakini mguu mmoja uache hapa. Mama yako hayupo. Wewe ndiye mama wa Sante sasa." Ukamjibu, "Ndiyo, baba mdogo." Kisha ukanitazama. Mimi wakati huo nilikuwa najimiminia chai katika kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa, na chai ikamwagika kwenye sahani.

Baadaye, ukiwa na vikombe mkononi, ukaniambia, "Baba, nitaomba uhamisho mapema. Nikikaa kidogo tu nitaomba nirudi huku."

Nikasema, "Itapendeza."

Hilo ndilo neno. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba neno lililoandikwa vibaya hulifuti kwa kidole, maana utachafua ukurasa. Unalipigia mstari mmoja ulionyooka, unaandika sahihi juu yake. Barua hii ndiyo mstari wangu. Lakini ili uelewe kwa nini nalifuta inabidi nirudi nyuma, na unanijua, siwezi kueleza jambo bila kuanzia mwanzo wake. Vumilia.

Kaka yako Sante alipofika umri wa kuzungumza, hakuzungumza. Kisha akaanza ghafla, na alichosema hakikuwa na mpangilio tuliouzoea. Akitaka chai alisema, "Unataka chai." Akitaka kulala alisema, "Umechoka, baba, kalale." Na mtu mzima akiingia nyumbani, kabla hajasema lolote, Sante alimtazama kifuani akasema, "Marahaba."

Wewe ulikuwa mdogo mno kukumbuka siku aliyokuja mzee wa usharika, mtu mzito, niliyemheshimu sana. Nilikuwa nimemfundisha Sante wiki nzima. Nilimsimamisha mlangoni, nikamwambia, "Sema shikamoo." Naye alinijibu, "Sema shikamoo." Nikamwambia, "Hapana. Shikamoo peke yake." Naye akasema, "Hapana, shikamoo peke yake." Nilidhani ananidhihaki. Mzee alipoingia, Sante akamwendea, akasimama mbele yake na kusema kwa sauti safi kabisa, "Marahaba."

Mzee alicheka. Alisema, "Mwalimu, kumbe nyumba hii ina mzee kuliko sisi." Hakuwa na ubaya. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha adabu ya lugha kwa watoto wa watu, na mwanangu amemwitikia mzee kana kwamba mzee ndiye aliyemwamkia. Mgeni alipoondoka, nilichukua fimbo.

Sitaeleza fimbo ile. Nitaeleza kilichofuata, kwa sababu ndicho nimekibeba. Sante alikaa sakafuni akishika mguu wake, akawa anasema akinitazama mimi, "Unaumia, baba. Pole. Unaumia, pole." Alirudia na kurudia. Nikamwambia mama yako, "Umemsikia? Nimempiga mimi, na bado ananipa pole kwa kejeli." Mama yako alimbeba akaenda naye chumbani. Tangu siku ile, kwa akili yangu, Sante alikuwa mtoto jeuri. Na mtoto jeuri haletwi mbele ya wageni.

Ndipo ilipoanza ile kazi yako. Hodi ikipigwa getini, mimi naita, "Aika, mpeleke kaka yako uani." Ulikuwa unamshika mkono, mtoto mdogo akimwongoza mkubwa, mnakwenda kwenye stoo ya mahindi. Mgeni akiuliza habari za Sante, nasema yuko Kikwe kwa bibi yake. Kuna watu hapa Njiro wanaoamini mpaka leo kwamba mwanangu wa kwanza alilelewa na bibi yake. Nilijenga ukuta huu mrefu tulionao nikasema ni kwa ajili ya wezi.

Mama yako hakukubaliana nami, ila alikuwa na namna yake ya kutokubali, alitenda tu. Alikwenda hospitali peke yake na Sante. Aliporudi aliniambia, "Wameniambia ana usonji."

Je, mwanangu, unajua nilifanya nini? Niliinuka nikachukua kamusi. Nilikuwa na ile kamusi ya zamani, jalada limeng'oka, ndiyo niliyofundishia maisha yangu yote. Nilifungua kwenye herufi U, nikatafuta kwa kidole, nikamwambia, "Mama Sante, neno hili halimo."

Akasema, "Neno halimo, lakini mtoto yumo. Yuko pale jikoni, anasubiri chai."

Nilimsahihisha mke wangu siku aliyoniletea jina la mwanangu. Leo neno hilo liko katika kamusi mpya, nimelitazama mara nyingi, na kila nikilitazama namsikia yeye.

Hospitalini wakamwelekeza kwenye kikundi cha wazazi kule Elerai. Kikundi chenyewe unakijua kuliko mimi: chumba cha kuazimwa nyuma ya kanisa, mikeka, viti visivyolingana, na wazazi wanaojitolea Jumamosi kwa Jumamosi, bila mshahara wala cheo. Mkristo na Mwislamu, mwenye gari na asiye nalo, wote wana mtoto ambaye ukoo umemnong'ona. Wanafundishana, wanatembeleana, wanakwenda shuleni kuongea na walimu. Na wana ile zamu yao. Mzazi aliyechoka anakuja mwenzake kukaa na mtoto wake, ili yeye aende sokoni, au hospitali, au alale tu. Mama yako alikuwa akisema zamu ndiyo dawa pekee aliyowahi kupewa ambayo haikuwa na maneno mengi.

Aliniomba niende naye. Nikamwambia siendi kukaa na watu wanaoliliana. Hakuniomba tena. Alikuchukua wewe na Sante, mkawa mnakwenda wenyewe, na mimi Jumamosi nikawa na nyumba tulivu ya kusahihishia madaftari. Niliupenda utulivu ule, Aika. Afadhali nikuambie.

Sasa nifike kwenye kipaimara chako.

Sidhani tuliwahi kuizungumza siku ile. Turubai limejaa uani mbele, mbuzi wa ndafu yuko mezani, spika zinapiga mpaka madirisha yanatetemeka. Sante alikuwa stoo, amefunika masikio. Tulikuwa tumekubaliana mama yako akae naye, lakini mama yako alikuwa na wageni wa Kikwe, na sauti ikazidi, na Sante akaanza kupiga kichwa ukutani. Nilikuja pale ulipokaa, kwenye kiti kilichopambwa, umevaa gauni jeupe, nikainama nikakunong'oneza, "Nenda kwa kaka yako kidogo." Ulikwenda bila kuuliza swali.

Mshereheshaji akaita, "Bibi kipaimara wetu yuko wapi? Keki inamngoja." Nikasimama nikasema, "Ameenda kubadilisha nguo." Watu wakapiga makofi, wakangoja, wakachoka kungoja, wakaanza kula. Keki yako ilikatwa na shangazi.

Uliporudi, watu wengi walikuwa wameondoka. Gauni lilikuwa limejaa makapi ya mahindi, mapajani na mikononi. Mlikuwa mmekaa sakafuni wawili mkipukuchua mahindi, kwa sababu umegundua mwenyewe kwamba akipukuchua, kelele haimuumizi sana. Mtoto wa umri ule amegundua tiba. Na baba yako akakuambia nini? "Tazama ulivyochafua gauni."

Ukasema, "Samahani, baba."

Picha ya siku ile iko sebuleni mpaka leo. Tumesimama wote, umetabasamu, na ukiisogelea utaona makapi mawili matatu karibu na mkono wako. Mimi huyaona nikiwa bado mlangoni.

Mama yako alipofariki, siku ya maziko kule Kikwe, Anaeli aliuliza mbele ya wazee, "Na huyu kijana ataangaliwa na nani?" Kila mtu akanigeukia. Mimi ni baba yake, nina miguu miwili, nina pensheni, nina siku nzima. Nikasema, "Aika yupo."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Jambo likaisha. Wewe ulikuwa umesimama nyuma ya bibi yako na kanga ya mama yako mabegani, na nakumbuka ulivyoivuta ikakaza. Ulipopata nafasi ya kwenda kusoma Dodoma, ukaja ukaniambia hutaenda, utasoma uuguzi hapa hapa mjini, ukae karibu. Nilipaswa kusema, nenda. Nikasema, "Ahsante mwanangu." Nilikushukuru haraka sana, kama mtu anayepokea kitu kabla mwenyewe hajabadili mawazo.

Wakati wa mitihani yako ya mwisho ndipo nilipokwenda Elerai kwa mara ya kwanza. Sikwenda kwa wema. Wewe ulikuwa umejifungia kusoma, ilikuwa Jumamosi, na Sante amesimama getini amevaa viatu akisema, "Vaa viatu twende. Vaa viatu twende." Majirani walianza kuchungulia. Nikaona aibu ya kukaa inazidi aibu ya kwenda.

Unamjua Mama Tunu, mwenye duka la vitambaa, yule Mrangi wa Kondoa asiyemwogopa mtu. Alinipokea mlangoni, akasema, "Karibu Mwalimu. Leo hatusahihishi madaftari, leo tunakunja mikeka." Akanipa upande mmoja wa mkeka nishike. Nilikaa pembeni. Binti yake Tunu, mtu mzima sasa, alimwendea mama yake akajishika tumbo, akasema, "Una njaa."

Mama Tunu akamjibu huku akifungua mkoba wake, "Haya, nina njaa. Sema nina njaa." Akampa andazi.

Nilimsikia, na kwanza nikafikiri kama mwalimu. Nikasema moyoni, huyu binti amekosea nafsi. Ametumia ya pili mahali pa ya kwanza. Nikawa nauchambua mfano ule kama nilivyozoea: mama humwambia mtoto "una njaa?", mtoto anashika neno lile zima, linakuwa ndilo jina la njaa yake mwenyewe. Kwake "una njaa" ni "nina njaa." Anakirudisha kile alichoambiwa, kama alivyopewa. Hakuna kosa la akili hapo, kuna mantiki kabisa, ila kiambishi kimebaki kwa msemaji wa kwanza.

Nikaona nimeeleza vizuri. Kisha nikamsikia Sante.

Namaanisha Sante wa siku ile, sakafuni, ameshika mguu. "Unaumia, baba. Pole." Mama yako alikuwa akimwambia hivyo kila akianguka: unaumia, baba? Pole. Ndilo lilikuwa jina la maumivu yake. Hakuwa akinikejeli, Aika. Alikuwa ananiambia naumia. Aliniambia kwa maneno pekee aliyokuwa nayo, akarudia na kurudia, na mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili.

Na ile "marahaba" vilevile. Wageni waliingia, mama yako akawaamkia kwa niaba yake, nao wakamwinamia mtoto wakamwambia, "Marahaba, hujambo baba?" Kwa hiyo kwake, mtu mzima akiingia, neno la kukutana ni hilo. Alikuwa akiwaamkia wote. Kila mmoja, kila siku. Hakuna mtoto aliyewahi kuwa na adabu kuliko yeye katika nyumba yangu.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya kanisa. Mama Tunu alinifuata, akasema tu, "Huwa inakuja hivyo Jumamosi ya kwanza. Wengine hawarudi tena."

Nilirudi. Unajua nilirudi. Lakini sijui kama uliona jinsi nilivyorudi: kama mgeni. Nilibeba viti, nikawaandikia barua za kwenda shuleni, kwa sababu kuandika nakuweza, nikaeleza nafsi na viambishi kwa wazazi wapya mpaka Mama Tunu akanikatiza, "Mwalimu, hapa kengele hailii, lakini tuna njaa." Yote hayo niliyafanya. Lakini zamu ya nyumbani kwangu mwenyewe niliendelea kukuachia wewe. Wewe ndiye uliyejua kwamba mboga isiguse ugali. Wewe ndiye uliyemnyoa. Jumamosi nilikuwa mjuzi wa usonji, na Jumatatu nilikuwa nikiita, "Aika!"

Unaikumbuka siku ya shikamoo? Bibi mmoja alikuja na mjukuu wake mwenye usonji na dada wa huyo mjukuu, kasichana kadogo kenye adabu kali za bibi. Bibi akakaambia, "Mwamkie kaka." Kasichana kakasimama mbele ya Sante, "Shikamoo kaka Sante."

Sante akasema, "Marahaba."

Ilikuwa sahihi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake lile neno lilikuwa limeangukia mahali pake, kwa sababu tu mtu alimtangulia. Mama Tunu akainuka, mwanamke mwenye umri wa kuwa mama yake, akaja akapiga goti kidogo kwa mzaha, "Shikamoo, mzee Sante."

"Marahaba."

"Aa, leo kaniitikia kweli. Hata mkwe wangu haitikii hivi." Wakacheka, Sante naye akacheka kwa sababu wamecheka. Wakaja wengine, mmoja mmoja. Kisha ukaja wewe. "Shikamoo, kaka." Ndipo nilipogutuka: sisi hatukuwahi kukufundisha kumwamkia. Amekutangulia kuzaliwa, na katika nyumba ambayo niliwahimiza hata watoto wa jirani waamkie, hatukuwahi hata siku moja kukuambia, mwamkie kaka yako. Hatukumhesabu.

Wote wakanigeukia mimi. Nikasema, "Mimi ni baba yake."

Mama Tunu akasema, "Tunajua, Mwalimu. Hakuna anayebisha."

Nikajifanya natazama mlima dirishani. Nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa nzuri kisarufi: shikamoo hutoka chini kwenda juu. Baba hamwamkii mwana. Ningelifundisha hilo mbele ya mkaguzi yeyote. Tangu siku ile kikundi kizima humwamkia, mpaka wanaojitolea kutoka chuoni, na mimi peke yangu husema, "Habari, Sante." Naye hunijibu, "Habari, Sante."

Sasa jana. Uliposema utaomba uhamisho, nikasema "itapendeza," nilijisikia nikiwa tena pale kaburini Kikwe, nasema "Aika yupo." Nimelala nalo usiku wa jana. Leo nimeshinda nalo kanisani. Kaka yako hukosea nafsi kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, na akifundishwa polepole hujifunza, siku hizi akitaka chai husema "nataka" mara nyingi kuliko "unataka." Mimi nilikosea nafsi nikiwa na akili zangu timamu. Niliulizwa nani atamwangalia mwanangu, nikajibu kwa nafsi ya tatu.

Kwa hiyo napiga mstari. Usiombe uhamisho kwa ajili yetu. Ukiichukia Mtwara, omba, hiyo ni haki yako. Ukiipenda, kaa. Ukipata huko mtu, ukajenga huko, nitakuja na koti langu la sikukuu nitokwe jasho. Ulichomjibu Anaeli hakikufungi, kwa sababu ulikijibu mahali nilipopaswa kujibu mimi. Yale ya kaburini nayo hayakufungi, hukuyasema wewe. Uliwekewa mdomoni na mtu aliyekuwa anakimbia.

Najua utakachouliza, kwa sababu kila mzazi wa Elerai hukiuliza, kwa sauti ya chini, viti vikishapangwa: na nikifa? Sina jibu, mwanangu, na sitakudanganya kwamba ninalo. Tunalizungumza. Wapo wanaosema tuweke nyumba moja ya pamoja, wapo wanaosema familia zichukuliane kwa agano. Mama Tunu amesema nikitangulia mimi, Sante ataenda kwake, akitangulia yeye, Tunu atakuja Njiro, na tukifa siku moja wote wawili basi kikundi kitajua tulikuwa tumegombana. Labda halitapata jibu zuri. Lakini kulitafuta ni kazi yangu. Wewe utakuwa dada yake. Dada hupiga simu, huja likizo, hugombana na kaka yake juu ya redio. Ni kazi tosha, na hukuwahi kupewa nafasi ya kuifanya.

Ninajuta kwamba nakuambia haya ukiwa umekwisha funga begi. Ningeweza kukuambia ulipokuwa na gauni jeupe. Nisamehe ukiweza, na ukiona bado, usiharakishe kwa kunionea huruma. Umekuwa ukinifanyia mambo kwa haraka mno.

Jambo la mwisho, kisha nifunge.

Leo jioni ulipoingia kulala mapema kwa ajili ya safari, Sante alikuwa barazani nyuma na beseni la mahindi. Unajua anavyopukuchua, mstari mmoja mpaka uishe, ndipo anaanza wa pili. Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake. Nilichukua gunzi nikajaribu, nikaharibu mistari, akanipokonya. Jua lilikuwa linashuka upande wa pili wa ukuta wangu. Hakukuwa na mtu wa kuniona, na hata hivyo nilisafisha koo kama ninayesimama mbele ya darasa.

Nikasema, "Shikamoo, Sante."

Hakuinua kichwa. Akasema, "Marahaba." Akamaliza mstari wake. Kisha akaongeza ile sehemu ya pili, ile ambayo wazee walimwambia wakishaamkiwa kwa niaba yake, neno kwa neno kama alivyolipokea utotoni.

"Hujambo, baba?"

Aika, hajawahi kuniuliza. Ni maneno ya kuazima, najua, nimekueleza mwenyewe yanavyofanya kazi. Lakini safari hii kila neno lilikuwa mahali pake. Aliyeulizwa alikuwa baba. Nikajikuta natafuta jibu kama mwanafunzi aliyeitwa ghafla, na jibu lake, kama unavyojua, halina namna nyingine ila nafsi ya kwanza.

Nikasema, "Sijambo."

Haikuwa kweli sana. Akanipa gunzi jingine.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Kesho alfajiri Anaeli atakuja na gari kukupeleka stendi. Nitamwamkia Sante mbele yake, na akishangaa ashangae. Kisha atakapouliza, maana lazima atauliza ukiwa unapandisha begi, "Sasa huyu kijana ataangaliwa na nani?", usigeuke kunitazama. Panda gari. Utanisikia nikijibu.

Nipo.

Baba yako